Uvimbe kwenye pafu la mtoto aliye tumboni: maswali na majibu

Ultrasaundi ya wiki ya 20 imeonyesha uvimbe kwenye pafu la mtoto. Ni saratani?

Karibu kila mara siyo. Ni sehemu ya pafu iliyoumbika vibaya na kujaa vifuko vya maji, au kipande cha pafu kisichounganika na njia ya hewa, kinachopata damu moja kwa moja kutoka aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Ndiyo maana mpimaji atumie dopla, ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu, kuutafuta mshipa unaoleta damu hiyo. Atazame pia tumbo la chakula lilipo: likiwa kifuani kando ya moyo, huenda ni ngiri ya kiwambo (tundu kwenye msuli unaotenganisha kifua na tumbo), ambayo matibabu yake ni mengine kabisa.

Hatari hupimwaje?

Urefu, upana na kina cha uvimbe kwa sentimita huzidishwa pamoja, kisha kwa 0.52, halafu jibu hugawanywa kwa mzingo wa kichwa cha mtoto kwa sentimita. Uvimbe wa 5 × 4 × 4, kichwa cha sentimita 22: takriban 1.9. Jibu likizidi 1.6, hatari ni kubwa, kwa sababu uvimbe husukuma moyo na kubana mishipa inayorudisha damu. Maji hujaa tumboni mwa mtoto, kifuani na chini ya ngozi. Hapo apimwe angalau kila wiki. Ukuaji huwa wa kasi hadi wiki ya 26 au 28, kisha uvimbe mwingi hutulia au husinyaa, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kukata shauri.

Kuna tiba kabla ya kuzaliwa?

Ipo. Vifuko vikiwa vidogo vidogo na uvimbe ni mkubwa, mama huchomwa betamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 12, mara mbili, saa 24 kati yake. Kifuko kikubwa cha maji hakisinyai kwa dawa hiyo. Hutobolewa kwa sindano au kuwekewa mrija, na hospitali zenye ujuzi huo ni chache, hivyo rufaa isicheleweshwe. Mama mwenyewe akivimba ghafla na presha kupanda, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Lazima upasuaji wa kujifungua?

Hapana, uvimbe peke yake si sababu. Kilicho muhimu ni kuzalia penye wodi ya watoto wachanga, oksijeni na daktari wa upasuaji wa watoto.

Ultrasaundi ya mwisho haikuona kitu. Amepona?

Usiamini hivyo. Uvimbe hufifia machoni pa ultrasaundi, na hata eksirei yaweza kutoka safi. Mtoto asiye na dalili apigwe CT (picha za kina za eksirei kwa kompyuta) ya kifua yenye dawa ya kuonyesha mishipa akiwa na miezi 3 hadi 6. Akipumua kwa shida au nimonia ikimrudia pafu lile lile, asisubiri umri huo.