Slaa angeshinda 2015? Nionyesheni kura zinatoka wapi

Nimechoka na sentensi hii: "UKAWA wangemsimamisha Dokta Slaa, Magufuli asingeingia Ikulu." UKAWA ni ule umoja wa vyama vinne vya upinzani katika uchaguzi wa urais wa 2015, Slaa ni katibu mkuu wa CHADEMA wa wakati ule, na aliyesimamishwa badala yake ni Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM. Sentensi hiyo inatamkwa kwa uhakika wa ajabu na watu ambao hawajafungua jedwali la matokeo hata mara moja. Kazi yangu ni kuchambua matokeo ya uchaguzi jimbo kwa jimbo, na nasema wazi kwamba takwimu hazimpi mtu uhakika huo.

Tuanze na pengo. Magufuli alitangazwa kwa kura 8,882,935, Lowassa 6,072,848. Tofauti ni kura milioni 2.8. Mpigakura anayehama kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mpinzani wake huhesabika mara mbili, kwa hiyo wanahitajika watu milioni 1.4 waliompa Magufuli kura kwa sababu tu hawakumtaka Lowassa, na ambao wangempa Slaa. Ni akina nani, na wako majimbo gani? Nikiuliza hivyo najibiwa Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Ni kweli, Richmond ilimng'oa Lowassa kwenye uwaziri mkuu Februari 2008, na Slaa ndiye aliyesimama viwanja vya Mwembe Yanga, Dar es Salaam, miezi mitano kabla akasoma orodha ya mafisadi yenye jina la Lowassa. Kumpokea kuliichafua CHADEMA, sibishi. Lakini mwanachama aliyenuna si kura iliyohama. Mtu hununa, siku ikifika akapiga kura palepale.

Wa upande wa pili, wanaosema Lowassa alikuja na kura milioni sita mfukoni, wananikera vilevile. Kwenye urais wa 2010 Slaa alipata 2,271,941 na Lipumba wa CUF 695,667, karibu milioni tatu kwa pamoja. Kwa haraka haraka utasema Lowassa alizidisha mara mbili. Ila waliopiga kura nao waliongezeka kutoka milioni 8.6 hadi 15.6, na CCM iliongeza kura milioni 3.6, kuwazidi wapinzani. Kwa asilimia za kura halali, Slaa na Lipumba kwa pamoja walikuwa na 35, Lowassa akafika karibu 40. Ni pointi tano tu, na humo humo mna daftari jipya la wapigakura la BVR, la kuandikisha kwa alama za vidole, na vyama vinne vilivyoacha kugawana kura.

Sasa nije kwenye kinachopuuzwa kuliko vyote. Ukibadilisha jina la mgombea, kwa kawaida na mpinzani wake anabadilika, maana kila chama humpima mwenzake kabla ya kuteua. Hapa tuna bahati: CCM ilimpitisha Magufuli Dodoma tarehe 12 Julai, na Lowassa akahamia CHADEMA tarehe 28. Kwa hiyo Magufuli tunaweza kumwacha alipo. Asiyeweza kubaki alipo ni Lowassa mwenyewe. Slaa akiwa mgombea, Lowassa anabaki CCM, hata kama kwa kinyongo. Kumbukeni ukumbi ule wa Dodoma: Kamati Kuu imeshalikata jina lake, na bado wajumbe wa Halmashauri Kuu wanaimba mbele ya mwenyekiti wao kwamba wana imani na Lowassa. Watu wale wasingemfuata Slaa. Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani, asingehama. Monduli, jimbo la Lowassa kule kaskazini miaka yote ile, lisingeangukia CHADEMA kama lilivyoangukia. Anayemweka Slaa kwenye karatasi huku akiendelea kuhesabu kura za Monduli anakula huku na huku.

Kuna njia wanayoipenda wenzangu: mpigakura hupewa karatasi tatu siku moja, ya rais, ya mbunge na ya diwani, basi linganisha kura za Lowassa na za wabunge wa UKAWA jimbo hilo hilo. Wabunge wakimzidi, alikuwa mzigo. Naitumia, lakini siiamini sana. Mbunge naye hubebwa au huzamishwa na mgombea wake wa urais, kwa hiyo unakipima kitu kwa kitu kilichofungwa nacho. Tena theluthi ya walioandikishwa hawakupiga kura, na hao kila mtu huwapeleka anakotaka. Na lililo zito zaidi: UKAWA waliyakataa matokeo, na Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais. Hesabu zangu zote zimesimama juu ya namba ambazo hazikuwahi kukaguliwa mahakamani.

Na tafadhali, asilimia 13 za Lissu, mgombea urais wa CHADEMA mwaka 2020, msiniletee kama ushahidi. Mazingira yale hayalinganishiki.

Nikibanwa niseme, naona hivi: Slaa angeanguka kaskazini, angeongeza kidogo kwa wale waliokerwa na ufisadi, na Magufuli angeshinda kwa pengo kubwa zaidi ya lile.