Kuizoea kamera: maana yake ni nini

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha Tanga. Jioni akirudi kutoka studio, kabla hajachukua udhu wa Magharibi, alikaa barazani na kamera yake, Nikon FM2 nyeusi isiyo na filamu ndani, akaanza kuifyatua. Alianzia kasi ya sekunde 1, yaani kamera inaruhusu mwanga kuingia kwa sekunde nzima, akaja nusu, robo, sehemu ya nane, akapanda hivyo hivyo mpaka sehemu ya 4000 ya sekunde, na kila mara alivuta kwa dole gumba, hadi mwisho, ule mkono mdogo wa kusogezea filamu. Kasi za taratibu zilikuwa na sauti ya kusaga, krrr-tak, kama saa ya ukutani inapotiwa ufunguo. Zile za haraka zilikuwa tak moja kavu. Tukimuuliza, alisema kamera ya vyuma ikikaa bila kufyatuliwa mafuta yake huganda, na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma. Ni kweli kabisa. Lakini mtu hakai na chombo kila jioni kwa miaka zaidi ya ishirini kwa sababu ya mafuta tu.

Hali ile ina jina katika lugha yetu, nalo ni mazoea.

Tazama jinsi tunavyolitumia neno lenyewe. "Njia hii nimeizoea" maana yake naijua, sipotei hata usiku. "Mjukuu wangu nimemzoea" maana yake akiondoka nyumba inapooza. Ujuzi na mapenzi vimekaa ndani ya neno moja, na waliosema kwamba mazoea yana taabu walikuwa na hiyo maana ya pili akilini, kwa sababu taabu huja siku ya kuachana. Mpiga picha akikwambia "kamera hii nimeizoea", anakwambia yote mawili kwa pamoja. Mkono wake unaijua, na moyo wake umekaa nayo.

Basi mazoea ya mtu na kamera ni hali inayojengeka pale chombo kilichoundwa vizuri kinapomjibu mtu vilevile kila siku, kwa miaka, hata mkono ukaacha kuuliza. Akifika hapo mtu hafikirii kamera tena, anafikiria picha. Na siku kamera haipo, anahisi amepungukiwa na kitu mwilini mwake, kama mtu aliyevua pete aliyoivaa tangu ujana.

Hali hii huchanganywa na nyingine zinazofanana nayo kwa nje. Ipo tamaa ya vifaa, ile ya mtu ambaye kila toleo jipya likitoka lazima alipate, na la zamani linauzwa kabla halijapata mkwaruzo wa kwanza. Huyo hajaizoea kamera yoyote. Upo ufahari wa kuning'iniza shingoni kitu cha bei. Halafu ipo hali ya kukipenda kitu kwa sababu tu ni chako, ambayo wataalamu wa uchumi wameipima. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walieleza majaribio ambamo baadhi ya watu walipewa vikombe vya kawaida, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa bei gani. Walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio na vikombe walikuwa tayari kutoa. Vikombe vyenyewe walikuwa wamekaa navyo muda mfupi sana. Kumiliki peke yake, kumbe, kunatosha kupandisha thamani ya kitu machoni pa mwenyewe. Lakini mapenzi ya dakika chache ni tofauti na ninayoyazungumzia hapa. Kikombe kile hakikumfundisha mwenyewe chochote, wala hakikubadilisha namna anavyotumia mikono yake.

Anayelikaribia zaidi jambo hili ni Russell Belk, Mmarekani anayesoma tabia za watu na mali zao. Mwaka 1988 aliandika kwamba vitu tunavyomiliki vinaweza kuwa sehemu ya nafsi zetu, na kwamba njia mojawapo ya kitu kuingia ndani ya nafsi ni kukitawala na kukijua kwa undani. Hilo mama yeyote anayekuna nazi analifahamu. Mpe mbuzi ya jirani, hata kama ni mpya na meno yake ni makali, atakwambia haikai. Kiti kiko juu mno, meno yameinamia upande, chicha linadondokea nje ya bakuli. Arudishie mbuzi yake mwenyewe na nazi inakunika huku anapiga soga.

Sasa, kwa nini kamera iliyoundwa vizuri, na si kamera yoyote? Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, nami ningependa kukaa kidogo.

Chukua hiyo FM2. Nikon waliitoa mwaka 1982 na wakaendelea kuiunda hadi 2001. Mwili wake una gramu 540, uzito unaotosha kuutuliza mkono bila kuuchosha. Shata yake, lile pazia dogo linalofunguka na kujifunga ili mwanga uifikie filamu, huendeshwa na springi na magurudumu ya meno, kwa hiyo haihitaji betri ili ipige picha. Betri zake mbili ndogo, zile za vidonge kama za saa, kazi yake ni kupima mwanga tu. Ukichungulia, upande wa kulia kuna vitaa vyekundu vitatu: alama ya kujumlisha, duara, na alama ya kutoa. Duara likiwaka peke yake, mwanga umekaa sawa. Hakuna kingine cha kusoma zaidi ya kasi na tundu la lenzi ulilochagua, yaani upana wa uwazi unaopitisha mwanga. Mkono wa kuvutia filamu ukiusukuma ukalala kabisa, kitufe cha kufyatulia kinajifunga. Ukiuvuta nje kidogo kwa dole gumba, kamera inaamka.

Gurudumu la kasi lina vituo, na kila kituo kinashika kwa mlio mdogo unaousikia kwenye ncha ya kidole kabla haujafika sikioni. Mjomba alikuwa akihesabu vituo hivyo gizani. Arusini umeme ukikatika, watu wakianza kuitana na kutafuta taa za chemli, yeye alishahesabu kutoka mwisho wa gurudumu hadi sehemu ya 125 ya sekunde, flashi iko tayari, na bibi harusi ameshapigwa picha na uso wake wa mshangao. Picha kama hizo ndizo zilizompa jina mjini.

Huo ndio uundaji mzuri ninaousema: kila sehemu ina kazi moja, inaifanya vilevile leo na baada ya miaka kumi, na inamjulisha mwenyewe kwa vidole kwamba imeifanya. Haina uhusiano wa lazima na bei. Pentax K1000, iliyoundwa kuanzia 1976 hadi 1997, ilikuwa kamera ya bei nafuu ya wanafunzi, na nimeona watu wazima wakiishika kwa adabu ile ile inayopewa Leica, kamera ya Kijerumani ya bei kubwa.

Tena mazoea hayachagui uzuri peke yake, hata kasoro huingia humo. Mkono ule wa filamu, ukiwa umetoka nje, humchoma mtu anayechungulia kwa jicho la kushoto. Mjomba alikuwa wa jicho la kushoto. Badala ya kubadilisha kamera alibadilisha kichwa, akajifunza kukiinamisha kidogo upande mmoja ili ule mkono upite pembeni ya paji la uso. Miaka ikapita, na kuinamisha kule kukamwingia. Hata tulipotoka nje kuutafuta mwezi muandamo wa Ramadhani, mikono mitupu, yeye alikuwa akiangalia magharibi na kichwa kimeinama vilevile.

Mazoea ya namna hii yana historia yake pia, kwa sababu kamera haikuzaliwa ikiwa kitu cha kushikwa mkononi. Kwa muda mrefu ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na mpiga picha alijifunika kitambaa nyuma yake. Huko Wetzlar, Ujerumani, Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz alitengeneza kamera ndogo ya majaribio iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Mnamo 1925 ikaingia sokoni kwa jina la Leica. Kuanzia hapo kamera nzuri ikawa kitu cha kuenea kiganjani, kutembea na mtu kutwa na kulala naye chumba kimoja. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliipata yake mwanzoni mwa miaka ya 1930, akabandika utepe mweusi kwenye sehemu zinazong'aa ili asionekane na watu, na baadaye akaeleza kwamba imekuwa kama jicho lake lililorefushwa. Sidhani kama hayo yalikuwa maneno ya mapambo. Alikuwa anaeleza kwa usahihi kile ambacho sisi tunakiita mkono kuzoea.

Wapo wasiokubaliana na haya yote. Husema kamera ni chombo tu, mali ni picha, na mfano wao mzuri uko mwezini: katika safari za Apollo, kati ya 1969 na 1972, wanaanga waliacha huko kamera 12 za Hasselblad, wakarudi duniani na visanduku vya filamu peke yake ili kupunguza uzito. Ni mfano wenye nguvu, na uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini kamera zile zilipewa wanaanga kwa ajili ya safari moja. Mtu aliyezaa na kulea watoto kwa kamera moja hana nafasi ya kuitenga picha na chombo namna hiyo. Kila ada ya shule aliyoilipa ilipita kwenye shata ile.

Kitu kingine kinacholea mazoea ni ufundi wa kutengeneza. Chombo kinachofunguka kwa bisibisi kinaweza kuishi muda mrefu kuliko mwenyewe. Kamera ya mjomba ilifunguliwa mara nyingi na fundi wa saa aliyekuwa na kimeza chake karibu na soko. Sponji za mlango wa nyuma, zinazozuia mwanga usiingie, zilikuwa zikigeuka lami kadiri miaka inavyokwenda, naye alizikwangua na kuweka mpya. Lenzi ikaota ukungu, ule mweupe kama utando wa buibui ambao kila mpiga picha wa pwani anauogopa, naye akaisafisha. Tangu hapo kamera ikalala kwenye kopo lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Rangi nyeusi ilikuwa imekwisha kwenye kona na pale dole gumba linapokaa. Mtu angeweza kuitambua kamera ile kati ya nyingine mia kwa kupapasa tu.

Kamera za dijitali nazitumia mwenyewe kila siku na kazi yangu inazitegemea, ila nyingi hazipewi muda wa kuzoeleka. Betri ya aina yake inaacha kutengenezwa, kioo kinakufa, fundi anasema hakifunguki. Watengenezaji wenyewe wanajua watu wanakumbuka nini: Nikon Zf ya mwaka 2023 ni kamera ya dijitali iliyopewa umbo la FM2, magurudumu ya kasi na yote. Nimeishika, ni nzuri. Kama itazoeleka tutajua baada ya miaka kumi na tano, si siku ya kuifungua kutoka kwenye boksi.

Mjomba alipofariki, ndugu walikaa kugawa mirathi kama inavyotakiwa. Nyumba ilijadiliwa siku nzima. Vifaa vya studio vikaorodheshwa: taa, pazia la mandhari lenye mnazi na bahari, kiti cha mbao, kamera. Aliitwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika ili avitie bei, na kamera aliitia bei ndogo sana, akitaja rangi iliyobanduka na kwamba hakuna anayesafisha filamu siku hizi. Kwa upande wake hakukosea. Binti wa mjomba, ambaye hajawahi kupiga picha ya filamu maishani, akaomba aishike kwanza. Akauvuta mkono kwa dole gumba, akazungusha gurudumu hadi kasi ya sekunde 1, akafyatua. Krrr-tak. Watu wote barazani wakanyamaza, na mama yake akainuka akaingia ndani.

Akasema ikatwe kwenye fungu lake kwa bei yoyote watakayoona.

Anaishi nayo Dar es Salaam sasa. Ijumaa jioni huitoa kwenye kopo na kuifyatua kasi zote, kuanzia ya taratibu hadi ya haraka, na mwanawe wa miaka sita amekwisha jua kuhesabu vituo vya gurudumu. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniambia ile sauti ya sekunde 1 imeanza kujikokota, kama inavuta pumzi katikati. Nimemwambia anipe niende nayo Tanga. Kimeza cha yule fundi sasa anakikalia mwanawe.