Bado Unahema Miezi 3 Baada ya Kutibiwa Bonge la Damu Mapafuni? CT Skani Inatafuta Nini

Presha ya mapafu ni nini?
Ni presha kubwa katika mishipa inayopeleka damu mapafuni. Wastani wake ukizidi milimita 20 za zebaki umepumzika, ni ugonjwa. Kipimo cha presha cha mkononi hakiioni.

Nimetumia dawa ya kuzuia damu kuganda miezi 3, bado nahema nikipanda ngazi. Nisubiri?
Hapana, usisubiri. Kwa baadhi ya watu bonge haliyeyuki lote; hugeuka kovu linaloziba mishipa, na presha ya mapafu hupanda. Wengi hufika hospitali miguu imevimba, baada ya muda mrefu wa kutumia dawa za pumu au kusingizia umri. Rudi ufanyiwe ekokadiogramu (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), kisha picha za mapafu.

CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) inaonyesha nini?
Kontrasti yenye iodini (dawa inayofanya damu ionekane kwenye picha) husukumwa kwa kasi kupitia mshipa wa mkono, na picha hupigwa inapojaza ateri ya mapafu, yaani mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Ateri hiyo ikifika upana wa milimita 30, au ikiipita kwa upana aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini) iliyo jirani yake, tunatia shaka. Tunatafuta pia nyuzi ndani ya mishipa, mishipa iliyosinyaa ghafla, na upande wa kulia wa moyo uliotanuka. Mapafu huwa na mabaka: panapopata damu nyingi hung'aa, panapoikosa huwa peusi. CT ya nishati mbili, inayotumia eksirei za viwango viwili vya nishati, huchora ramani ya iodini, na eneo lisilofikiwa na damu huonekana kama pengo la umbo la kabari.

Nijiandaeje?
Taja ugonjwa wa figo, mzio wa kontrasti, ujauzito, na metformini (dawa ya kisukari) kama unaitumia. Kontrasti ikiingia utahisi joto, tulia. Zuia pumzi kama ulivyoelekezwa, usiivute kwa nguvu: damu isiyo na kontrasti hukimbilia moyoni na picha huharibika.

CT ikiwa safi, nimepona?
La. Makovu ya mishipa midogo huweza kufichika. Kama bado unahema, skani ya hewa na damu ya mapafu, inayolinganisha hewa na damu zinakofika, inahitajika, na presha huthibitishwa kwa katheta (mrija mwembamba) ndani ya moyo.

Nikikaa sihemi. Haraka ya nini?
Kovu linalofikika huweza kuondolewa kwa upasuaji, na wengine hufunguliwa mishipa kwa puto. Ukichelewa, mishipa midogo nayo huharibika na moyo huchoka. Usisubiri. Wala usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako. Ukizimia au kukohoa damu, nenda hospitali saa hiyohiyo.