Je, wajua kwa nini ni vigumu kubuni kidhibiti cha SSD?

Ukifungua SSD, yaani diski ya kompyuta isiyo na sehemu zinazozunguka, utakuta chipu chache za flashi zinazohifadhi data hata umeme ukizimwa, na nyingine moja inayoziongoza: ndicho kidhibiti. Anayetaka kubuni cha kwake hudhani shida itakuwa kasi. Kumbe kasi ni afadhali, kwani chaneli 4 au 8, yaani njia za kwenda kwenye chipu za flashi, zikifanya kazi pamoja inapatikana. Taabu ni tabia ya flashi yenyewe.

Flashi huandikwa ukurasa kwa ukurasa, mara nyingi kilobaiti 16, lakini hufutwa bloku nzima, yaani kundi la kurasa nyingi. Ukurasa ulioandikwa haurudiwi mpaka bloku yake ifutwe. Basi data mpya huwekwa kwingine, na kidhibiti hutunza jedwali la kila kipande kilipohamia. Diski ya terabaiti 1 yenye vipande vya kilobaiti 4 ina mistari kama milioni 244; kwa baiti 4 kila mmoja, hiyo ni karibu gigabaiti 1 ya DRAM, kumbukumbu ya haraka ya muda.

Nafasi ikibana, usafi huanza, yaani kufuta bloku zenye data iliyopitwa na wakati. Chukua bloku ya kurasa 1,000, ambamo 750 bado zina data hai. Ili upate kurasa 250 tupu, lazima uhamishe hizo 750 kwanza. Mtumiaji ameandika 250, flashi imeandikwa 1,000. Umri wa diski unaliwa mara nne, na bloku za flashi ya aina ya TLC huvumilia kufutwa mara elfu chache tu. Dawa ni kutenga akiba ambayo mtumiaji haioni.

Kusoma nako kuna vituko. Seli ya TLC, chumba kidogo cha kuhifadhi chaji, hubeba biti 3, yaani viwango 8 vya volti vilivyobanana. Chaji huvuja polepole, na joto huzidisha. Makosa yakiwa mengi, kidhibiti husogeza kidogo volti za kusomea na kujaribu tena, kisha msimbo wa LDPC husahihisha yaliyobaki. Amri za kusogeza hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na nyaraka zake kwa kawaida hupewi bila kusaini mkataba wa siri. Wengi hukwama hapo kabla hawajachora saketi.

Linaloumiza zaidi ni umeme kukatika, maana jedwali lililo kwenye DRAM hupotea lote. Kila ukurasa una eneo dogo la ziada: andika humo anwani ya kipande na namba ya mfuatano, na mara kwa mara nakili jedwali kwenye flashi. Umeme ukirudi, soma nakala ya mwisho, kisha pitia kurasa zilizoandikwa baada yake. Anwani ikitokea mara mbili, yenye namba kubwa ndiyo halali. Hata hivyo mtego upo. Kurasa 3 za TLC hukaa kwenye seli zilezile, na katika chipu zinazoziandika kwa awamu, uandishi ukikatizwa unaweza kuharibu ukurasa wa awali ambao kompyuta ilishaambiwa uko salama. Ndiyo maana diski nyingi za seva huwekewa kapasita, zipate umeme wa kumalizia.

Kulijaribu hili, acha relei, swichi inayoendeshwa na umeme, ikate umeme wa diski maelfu ya mara katikati ya uandishi, kila mara ukilinganisha kilichothibitishwa na kilichopo. Usiku mzima ukipita bila kosa, pandisha joto uanze upya.