Taima haipimi muda

"Mwalimu, taima yangu inachelewa." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno kwa vijana wanaoanza kuandika programu za kompyuta, na kila nikikaa kutazama, taima naikuta haina kosa.

Taima katika programu yenye dirisha ni ombi tu. Unaiambia kompyuta: zikipita milisekunde kadhaa (milisekunde 1000 ni sekunde moja) nishtue, kisha uendeshe kipande hiki cha msimbo. Basi. Taima haijui saa ni ngapi wala zimebaki dakika ngapi.

Nadhani tatizo lilianzia kwenye tafsiri. Kitenzi cha Kiingereza kilichozaa neno hili, "time", kina maana mbili: kupima jambo limechukua muda gani, na kulipangia jambo wakati wake. Sisi tulipotafsiri tukashika maana ya kwanza, tukasema "kipima muda", kwa mfano wa kipimajoto na kipimamvua. Sasa kipimajoto kweli kinapima. Ukikitazama kinakupa kiasi cha joto lililopo. Ukiiuliza taima ya programu muda uliopita, haina jibu, kwa sababu waliolitumia neno hilo kwenye programu walikusudia maana ya pili. Kwa kinachohesabu jikoni hadi wali uive, "kipima muda" sina ugomvi nalo. Ndani ya programu linampotosha mwanafunzi: anasikia "kipima", anaamini upimaji umeshafanyika, naye anabaki kupunguza moja kila taima ikimshtua. Wala sipendekezi "kipanga wakati", maana kipanga ni ndege. "Taima" imeshazoeleka, ibaki.

Kijana mmoja aliniletea programu aliyomwandikia mdogo wake kwa lugha ya kompyuta ya Python, jaribio la jedwali la kuzidisha la dakika 10. Alikuwa na namba 600, na kila taima ikimshtua anaipunguza moja, anachora upya dirisha zima pamoja na maswali, kisha mwishoni anaandika:

dirisha.after(1000, punguza)

Yaani: zikipita milisekunde 1000, endesha tena kipande kiitwacho punguza. Tukaweka pembeni simu inayohesabu dakika 10 hizo hizo, vyote viwili tukavianzisha pamoja. Simu ilipofika sifuri, dirisha lake lilikuwa bado linaonyesha 0:18.

Hizo sekunde 18 hazikupotezwa na taima. Amri ya after humshtua mtu mara moja tu, ndiyo maana aliiomba upya kila mzunguko. Ila aliiomba baada ya kumaliza kuchora, na kuchora kulikula kama milisekunde 30. Kwa hiyo kila "sekunde" yake ilikuwa milisekunde 1030. Zidisha mara 600, utazipata zote 18. Taima ilitimiza kila ilichoombwa. Hakuna aliyeiomba ipime.

Anayetumia Windows Forms, zana ya Microsoft ya kutengeneza programu zenye madirisha, huniambia kwake hakuna shida hiyo, kwa kuwa taima ya huko inajirudia yenyewe. Ni kweli inajirudia, ukishaiwasha na ukabadilisha ile milisekunde 100 inayoanza nayo. Lakini programu ikishikwa na kazi nzito kwa sekunde tano, mishtuo ya muda huo hailimbikizwi ikusubiri. Ukitoa moja kwa kila mshtuo, sekunde hizo hazitatolewa kamwe.

Kipimo ni saa. Kijana yule tulimwongezea mstari mmoja wa kukumbuka mwisho pale jaribio linapoanza:

mwisho = time.monotonic() + 600

Hiyo time.monotonic ni saa ya ndani ya programu isiyorudi nyuma, na 600 ni sekunde za jaribio. Baada ya hapo, kila akishtuliwa anatoa saa ya sasa kwenye mwisho, na kinachobaki ndicho anachoandika kwenye dirisha. Taima ikichelewa kidogo, namba inachelewa kuonekana, lakini ikionekana ni ya kweli. Tukapunguza hata ile 1000 ikawa 200, na hesabu haikuharibika. Nilimsisitizia atumie monotonic, wala si time.time, kwa sababu hiyo ya pili inafuata saa ya kompyuta, na mdogo mtu akijua kuirudisha nyuma atajiongezea muda wa mtihani. Tena namba iviringishwe kwenda juu kwa math.ceil, la sivyo mtoto ataona 9:59 papo hapo anapobonyeza kitufe cha kuanza, na mwishoni atakodolea sifuri sekunde nzima huku jaribio likiendelea. (Kutumia time.sleep, amri ya kuisimamisha programu isubiri, ndani ya dirisha tusilizungumze sana. Dirisha linaganda, vitufe havibonyezeki.)

Kwa hiyo ukiniita nije nitazame, mwanangu, usiseme taima inachelewa. Sema, "Mwalimu, nimehesabu mishtuo badala ya kusoma saa," nami nitajua mara moja tuanze kurekebisha mstari upi.