Amelala fofofo, mbona presha inapanda?

Ndugu wa wagonjwa ninaowalaza usingizi kwa upasuaji huniuliza hivyo, na wanafunzi wangu wa dawa za usingizi pia. Ni kwamba fahamu huzimika mapema kuliko neva. Laringoskopu, kifaa cha kufungulia koo, ikigandamiza shina la ulimi ili nipitishe mrija wa kupumulia, neva za koo hupeleka habari kwenye shina la ubongo, adrenalini na noradrenalini, homoni za kuamsha mwili, humwagika, moyo hukimbia. Presha hufika kileleni ndani ya dakika 1 au 2, kisha hushuka polepole. Dawa ya kulegeza misuli haizuii hilo. Mgonjwa hatikisiki, moyo wake unapiga mbio.

Kijana mwenye moyo mzima hupita salama. Ninayemhofia ni mjamzito mwenye presha kali, kifafa cha mimba kinamnyemelea, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka hadi sindano ya ganzi ya mgongo haifai, na mtoto lazima atoke sasa. Kwake presha ikiruka ghafla, mshipa wa ubongo waweza kupasuka. Ndiyo maana simlazi usingizi kabla ya kuishusha kwa labetaloli au hidralazini, namba ya juu ya presha iwe chini ya 160. Akishalala nampa magnesi salfati ili presha isiruke, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito. Magnesi hurefusha nguvu ya rokuroni, dawa ya kulegeza misuli, kwa hiyo mwishoni sina haraka ya kumtoa mrija. Nikiongeza fentanili, dawa kali ya maumivu, anayempokea mtoto namwambia mapema, kwa sababu mtoto naye anaweza kuzaliwa akisinzia, asipumue vizuri.

Kosa ninaloliona mara nyingi, na linaniuma kwa kuwa halihitaji fedha kulirekebisha, ni la saa. Fentanili huchukua dakika 3 hadi 5 kufikia nguvu yake. Mtu anaichoma, papo hapo anaingiza laringoskopu. Presha inapanda, na dawa inakolea baadaye wakati hakuna kinachomuumiza mgonjwa, presha inaporomoka. Lidokeini, dawa ya ganzi inayochomwa kwenye mshipa, miligramu 1.5 kwa kilo, nayo itangulie kama dakika 2, ingawa peke yake siitegemei sana. Esmololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ndiyo naipenda kwa mzee mwenye moyo mgonjwa: nusu yake huisha mwilini kwa dakika 9 hivi.

Ila aliyepoteza damu nyingi simpi esmololi, hata mapigo yakifika 130. Kasi hiyo ndiyo inayofikisha damu kidogo iliyobaki kwenye ubongo wake.