Mizizi ya mvinje na kisukari: maswali na majibu

Shikamoo daktari. Mama ana sukari. Jirani ametuambia tuchimbe mizizi ya mivinje hapa ufuoni Malindi tumchemshie, eti ina pisiatanoli. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli, na nakuomba usimchemshie. Pisiatanoli ni kemikali ya asili ya kundi la fenoli. Imepatikana kwenye mizizi ya mti wa Ulaya uitwao kitaalamu Picea abies, jamaa ya msonobari, na jina lake limetoka huko. Mvinje hufananishwa na msonobari, lakini wenyewe ni mti wa maua, ukoo mwingine kabisa. Okota "sindano" moja chini ya mvinje uivute taratibu: itaachana pingili kwa pingili. Hicho ni kijitawi. Majani yenyewe ni vile vijimeno vidogo mno vinavyozunguka kila kifundo.

Basi huku pwani kemikali hiyo haipatikani?

Ipo, tena jikoni kwenu. Imo kwenye mbegu za pasheni, zile nyeusi zinazobaki kwenye chujio. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walichapisha jaribio lao la watu 39, ambamo kipimo cha pisiatanoli kilikuwa miligramu 20 kwa siku kwa wiki 8. Wanaume wenye uzito uliozidi ndio ambao insulini yao, yaani homoni inayoshusha sukari mwilini, ilifanya kazi vizuri zaidi. Inatia moyo, ila watu 39 ni wachache, na halikuwa jaribio la kutibu kisukari.

Kwa hiyo anywe juisi ya pasheni kwa wingi?

La. Juisi mnaichuja, mbegu mnazitupa, kisha mnatia sukari vijiko vitatu! Hiyo itampandisha sukari. Akate tunda, ale kwa kijiko, na mbegu azitafune, maana zikimezwa nzima mara nyingi hutoka nzima. Hata hivyo ni tunda tu, lihesabiwe kwenye mlo wake.

Na vidonge vyake vya sukari, metformin?

Asiviache hata siku moja bila kuongea na anayemtibu. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi: dawa ya mizizi inapoingia nyumbani, vidonge husahauliwa kabatini, na sukari hupanda kimyakimya mpaka macho na figo vimeguswa. Kama ameshakunywa maji ya mizizi hiyo, mpelekeni akapimwe sukari na mchukue kipande cha mzizi mkaonyeshe. Akitapika, akipumua kwa kasi au akianza kuchanganyikiwa, msingoje asubuhi.